Taa ya Mama Ilizimiwa Wapi?

Mwezi wa saba mwaka jana nilikwenda kumwona mama kijijini, upande wa Njombe, katika zile siku ambazo baridi hushuka mpaka majani ya viazi yanaamka asubuhi yamebabuka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jioni tulikuwa jikoni, mama akimenya viazi kando ya mafiga, mwanangu wa darasa la tatu akisoma kwa sauti kitabu chake cha shule, na juu yetu iliwaka balbu ndogo ya sola ambayo mama aliichukua kwa mkopo pamoja na paneli moja, redio na betri yenye ukubwa wa boksi la viatu. Taa ikazimika katikati ya sentensi. Sikushtuka, kwa kuwa jua lilikuwa limewaka kutwa nzima na nilijua betri haiwezi kuwa imekwisha; nikaliinamia lile boksi, nikaona vitaa vitatu vya kijani vikionyesha kwamba betri imejaa kweli, na pembeni kitaa kimoja chekundu kikipepesa. Ndipo nikakumbuka kwamba siku zilizolipiwa zilikuwa zimeisha, na aliyeahidi kulipa ni mimi.

"Nani kazima?" mama akauliza gizani.

Nikamwambia hakuna mtu aliyezima, ni mashine ya kampuni, nayo iko mjini, pengine Dar es Salaam. Ikiona siku zimeisha inafunga yenyewe.

"Kwa hiyo huko Dar es Salaam wanajua kwamba mimi niko hapa jikoni?"

"Hawajui, mama. Hata jina lako hawalijui, wanaijua namba ya boksi tu."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema, akainuka kutafuta koroboi.

Nililipa pale pale kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha kwamba pesa imetoka ukaja upesi, kama ilivyo desturi ya ujumbe wa namna hiyo, lakini tarakimu za kufungulia taa hazikuja. Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao hushika, nikasimama na simu mkononi mpaka vidole vikafa ganzi, nikapiga namba ya huduma kwa wateja, nikawekewa muziki. Tarakimu zilifika saa nne asubuhi ya siku ya pili, wakati ambao hakuna aliyehitaji taa.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari mjini Iringa, na kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa riwaya zinazoitwa za distopia, yaani zile zinazobuni jamii ya kesho au ya mahali pasipokuwapo, ambamo mpango uliokusudiwa kumpa binadamu raha au usalama umegeuka kuwa kifungo chake. Wasomaji wengi wa riwaya hizi, nami nikiwamo zamani, huzichukulia kama utabiri wa hali ya hewa: wanahesabu mwandishi amepatia nini na amekosea nini, kwamba huyu aliona simu za picha kabla hazijabuniwa na yule hakuota kompyuta. Upimaji huo unaburudisha, ila haufiki mbali. Tangu usiku ule nimezisoma upya nikiwa na swali la mama, na nimeona kwamba jamii hizo za kubuniwa, hata zinapotumia mashine zinazofanana, hutofautiana sana katika jambo hilo moja: ni nani awezaye kuzima. Majina ya baadhi ya vitabu vya kigeni nimeyafasiri mwenyewe, kwa hiyo makosa ya tafsiri ni yangu.

Nianze na hadithi iliyonijia akilini pale pale juu ya kichuguu. Mwingereza E. M. Forster alichapisha mwaka 1909 hadithi ndefu ambayo naiita "Mashine Inasimama". Watu wake wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja peke yake katika chumba chenye pembe sita kama tundu la sega la nyuki, amezungukwa na vitufe: cha chakula, cha nguo, cha maji ya kuoga, cha muziki, cha kitanda, cha kuzungumza na marafiki. Mama mmoja aitwaye Vashti ana mwana, Kuno, anayeishi upande wa pili wa dunia, nao huonana kupitia bamba linalong'aa ambalo mama huyo hulishika mikononi. Kuno anamwomba mama yake aje amwone bila kupitia Mashine, na mama analiona ombi hilo kuwa la ajabu, kwani ni lipi ambalo bamba halitoshi kulionyesha? Katika chumba cha Vashti kuna swichi ya kujitenga, ambayo akiiwasha hakuna mtu mwingine anayeweza kumsemesha; anaitumia ili azungumze na mwanawe, na anapoizima, maulizo na mialiko iliyolimbikizana katika dakika tatu tu inamwangukia kwa pamoja. Nilipowasomea wanafunzi wangu sehemu hiyo walicheka kabla sijamaliza, kwa sababu kila mmoja wao anaijua ile asubuhi ya kuwasha data na kusubiri simu imalize kutetemeka.

Hata hivyo swichi hiyo ina mpaka wake. Vashti anaweza kuwazima watu, lakini Mashine yenyewe haina pa kuzimia, wala hakuna mtu hata mmoja anayeielewa yote. Inapoanza kuharibika haitoi kishindo: muziki unakwaruza, matunda yanashika ukungu, maji ya kuoga yananuka, na kila mwenye shida anapeleka malalamiko kwenye kamati ya matengenezo, kisha anangoja. Siku zikipita watu wanayazoea makwaruzo, na Vashti anafikia hatua ya kuyasikia kama sehemu ya wimbo. Baadaye inajulikana kwamba chombo cha kufanyia matengenezo nacho kinahitaji matengenezo. Nilikuwa nasikiliza muziki wa huduma kwa wateja, unaokatikakatika kwa upepo, nilipoikumbuka habari hiyo, na nakiri kwamba nilicheka peke yangu gizani kama mwehu. Mwishoni Mashine inaposimama, wengi wanauawa na ukimya kabla ya jambo jingine lolote, maana walizaliwa ndani ya mngurumo wake na hawakuwahi kuishi siku moja bila kuusikia.

Aliyelijibu swali la mama waziwazi kuliko wote ni George Orwell, katika riwaya ya 1984 iliyotoka mwezi Juni mwaka 1949. Wasomaji wetu wanamfahamu zaidi kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, na wengi hudhani kwamba hiyo nyingine ni riwaya ya mitambo ya ajabu. Ukifungua kurasa za mwanzo unakutana na lifti mbovu, umeme uliokatwa mchana kwa ajili ya kubana matumizi, na mtu mwenye kidonda mguuni anayepanda ngazi hadi ghorofa ya saba. Nyembe za kunyolea hazipatikani. Mashamba yanalimwa kwa plau za kukokotwa na farasi, ilhali riwaya za kusomwa na umma zinatungwa na mashine. Chombo kinachofanya kazi bila kukosa ni kile kioo cha ukutani kinachoonyesha na wakati huo huo kinatazama na kusikiliza. Mwanachama wa kawaida anaweza kukipunguza, hawezi kukizima. Kisha mtu huyo wa ngazi, Winston, na mpenzi wake Julia wanakwenda nyumbani kwa O'Brien, mmoja wa wakubwa wa Chama, naye mbele ya macho yao anabonyeza swichi na sauti inakatika. Wakubwa, anawaeleza, wana ruhusa hiyo. Nimezisoma mara nyingi kurasa za mateso katika riwaya hiyo, na bado naona kwamba kitendo hicho kidogo cha kidole kinaeleza zaidi habari ya matabaka. Kioo kile kile kimo katika nyumba ya mdogo na ya mkubwa, na mkubwa anatambulika kwa kuwa chake kinazimika. Wale wa tabaka la chini kabisa, ambao ndio wengi wa nchi, sehemu kubwa yao hawana kioo hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeyaogopa mawazo yao. Vivyo hivyo mwenye koroboi tu hakuna awezaye kumfungia taa kutoka mbali.

Miaka karibu thelathini kabla ya Orwell, Mrusi Yevgeny Zamyatin alikuwa ameandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni neno moja, Sisi. Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu, kwa hiyo viwanda alivijua kwa kuvikanyaga. Riwaya yake ilitoka kwanza New York mwaka 1924 kwa tafsiri ya Kiingereza, na katika nchi yake haikuchapishwa hadi 1988. Katika Dola Moja ya riwaya hiyo nyumba zote ni za kioo, watu wote huamka, hula na hulala kwa dakika ile ile iliyopangwa, na kila tonge hutafunwa mara hamsini. Anayestahiwa kuliko wanafalsafa wa kale ni Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyeishi kweli, ambaye alipima kwa saa mikono ya wafanyakazi viwandani ili kusiwe na mwendo unaopotea bure. Na kitabu wanachokihesabu kuwa hazina kuu ya fasihi ya kale ni ratiba ya treni. Nilikuwa nimeketi katika stesheni ya TAZARA pale Makambako nilipofika kwenye sehemu hiyo, nikajikuta nimeinua macho kuitazama ratiba iliyobandikwa ukutani kwa heshima ambayo sijawahi kuwa nayo.

Wakazi wa dola hiyo hawana majina. Msimulizi anaitwa D-503, na neno la jumla la kuwaitia wote, katika Kirusi cha Zamyatin, ni namba. Mfasiri wa Kiswahili atakayekuja kuishika riwaya hii asihangaike, kwa kuwa neno analo tayari, nalo limetoka kwenye migongo ya watu wa nyanda hizi: manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Aliandikishwa pamoja na vijana wenzake wa Ubena kwenda kukata mkonge Tanga, katika miaka ambayo wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na kila aliyeandikishwa alipewa namba, ndiyo asili ya jina lenyewe. Alifanya kazi kwa kipande, kadi yenye vyumba thelathini vya kutiwa alama, kila siku ya kazi chumba kimoja; asiyemaliza mafungu aliyopimiwa, chumba chake kilibaki kitupu na siku yake haikuhesabiwa, hata kama aliingia shambani alfajiri. Hadi uzeeni, ukimwuliza aliishi Tanga muda gani, babu alijibu kwa idadi ya vipande. Miaka ilibidi uitafute mwenyewe kwa kukokotoa.

Kwa sababu hiyo, D-503 anapoisifu Ratiba ya Saa kwa furaha isiyo na unafiki, siwezi kumsoma kama mtu wa siku zijazo. Ukiiondolea Dola Moja vioo vyake na kile chombo cha kwenda angani ambacho D-503 anakijenga, teknolojia inayobaki ni karatasi, kalamu na saa, vitu ambavyo msimamizi wa shamba la mkonge alikuwa navyo vyote mfukoni. Swichi nayo ipo, katika umbo la pazia. Siku ambayo mtu ameruhusiwa kukutana kimwili na mwenzake hupewa tikiti ya rangi ya waridi, na kwa tikiti hiyo anaweza kushusha mapazia ya chumba chake cha kioo kwa muda uliowekwa. Giza limekuwa kitu cha kugawiwa kwa mgao. Dola inapogundua kwamba bado kuna mahali ambapo macho yake hayapenyi, yaani uwezo wa mtu kuwaza yasiyokuwapo, inaamuru kila namba achomwe sehemu hiyo ya ubongo kwa eksirei, na aliyekwisha kuchomwa anaandika kurasa zake za mwisho kwa utulivu unaotisha kuliko kelele.

Nikiwa bado kwenye mkonge, niseme neno kuhusu roboti, ambalo watu hudhani lilizaliwa na vyuma. Lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Mcheki Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki robota, ambalo ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Kiswahili kiliiita shokoa. Roboti wa Čapek wana miili laini kama yetu, wanatengenezwa kiwandani ili wafanye kazi bila kudai chochote, mpaka siku wanapodai. Tungeliwahi neno hilo kabla halijaingia kwa mlango wa Kiingereza, huenda leo watoto wangekuwa wanachora washokoa kwenye madaftari yao.

Kwa Aldous Huxley swali la mama linakwama. Katika jamii aliyoibuni mwaka 1932 watoto hukuzwa ndani ya chupa, hufundishwa wakiwa usingizini, na mwenye chembe ya huzuni humeza kidonge kiitwacho soma na kutulia. Hakuna anayetafuta swichi kwa kuwa hakuna anayetaka kuzima. Riwaya hiyo huwa inanichosha, wahusika wake naona wamechongwa kwa ajili ya mabishano, ila nasifu jambo moja ambalo wasomaji huliruka: mtawala Mustapha Mond, ambaye zamani alikuwa mwanasayansi, ameifunga sayansi yenyewe kamba, na vitabu vilivyopigwa marufuku, Biblia ikiwamo, amevihifadhi katika kabati lake la chuma ili avisome yeye.

Ray Bradbury, Mmarekani, katika Fahrenheit 451 ya mwaka 1953, anamweka mwenye kukataa kuzima ndani ya nyumba. Mildred amefunika kuta tatu za sebule kwa televisheni na anaisumbua nyumba apate ya nne, ambayo bei yake ni theluthi moja ya mshahara wa mume wake wa mwaka mzima. Mume, Montag, ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, anamwomba azime kuta mtu mgonjwa apumzike, naye anajibu kwamba hao ukutani ni familia yake. Mkuu wa wachomaji anaeleza kwamba serikali haikuanza kwa kupiga marufuku. Watu wenyewe waliacha kusoma kwanza. Nadhani Bradbury anawasingizia kidogo watu wa kawaida hapo, kwani anayeeleza hivyo ndiye mwenye mafuta ya taa na kiberiti. Lakini mwisho wake naupenda: watu waliokimbilia kando ya reli, kila mmoja amehifadhi kitabu kizima kichwani, wakisubiri siku ya kukitamka tena. Kwa Mmarekani huo ni ubunifu wa ajabu. Bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, alikuwa na mpangilio wa ukoo wa vizazi vinane kichwani na aliurudia akipalilia.

Nina shaka moja ya zamani kuhusu waandishi hawa wote wa kwanza. Teknolojia yao, ukiwatoa wale wa Orwell wasio na kioo, humfikia kila mtu kwa siku moja na kwa ukamilifu, kana kwamba waliiona kwa macho ya mtu wa jiji ambaye hajawahi kukosa taa. Huku kwetu hufika kwa vipande, kwa mkopo, mara nyingine ikiwa imeshatumika na mwingine, na hukaa jikoni pamoja na mafiga bila ugomvi. Mama hataki kurudi kwenye koroboi, ambayo moshi wake umemharibu macho. Anataka taa ile ile, na swichi yake. Hofu ya namna hiyo, ya mtu anayekihitaji kitu na papo hapo yuko chini ya anayekimiliki, sikuikuta kwa Forster wala kwa Orwell. Niliikuta kwa Margaret Atwood.

Katika riwaya yake ya mwaka 1985, ambayo naiita Simulizi ya Mjakazi, msimulizi anaingia dukani asubuhi kununua sigara. Namba ya kadi yake inaingizwa, mashine inakataa. Inaingizwa tena, inakataa tena. Anadhani ni hitilafu. Siku hiyo hiyo wanawake wanaondolewa makazini, na baadaye rafiki yake anamweleza kwamba akaunti zote za wanawake zimefungwa, na kwamba pesa zao sasa zitatumiwa na mume au ndugu wa kiume. Fedha za karatasi zilikuwa zimeachwa, kila kitu kilikuwa katika kompyuta, na kila akaunti ilikuwa na herufi inayoonyesha jinsi ya mwenyewe. Kwa hiyo hapakuhitajika askari wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Atwood, aliyeanza kuiandika akiwa Berlin Magharibi mwaka 1984, amesema mara kadhaa kwamba hakuingiza humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Gilead, dola mpya ya riwaya hiyo, ikishasimama, teknolojia inawekwa kando na wanawake wanakatazwa hata kusoma. Mabango ya maduka yanabaki na picha tu. Kompyuta ilitumika mara moja ikatosha.

Nilimsimulia sura hiyo wifi yangu, ambaye ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na stendi. Alisikiliza huku akihesabu noti, kisha akafungua droo, akanitolea daftari la mistari alimoandika kila muamala kwa kalamu ya bluu, akaweka kidole kwenye majina mawili matatu. "Huyu, na huyu, na huyu, wifi, laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Wakigombana, bwana anakwenda kuifunga, na akiba ya viazi ya msimu mzima inabaki humo. Ndiyo maana wengine wana laini ya pili, wanaifunga kwenye pindo la kanga. Gilead yako hiyo mwandishi wake angekuja hapa angeandika haraka zaidi." Akaniomba nimletee kitabu, akauliza kama kipo kwa Kiswahili. Sikukipata.

Lauren Beukes wa Afrika Kusini, katika Moxyland ya mwaka 2008, aliipeleka hofu hiyo katika simu yenyewe. Katika Cape Town yake simu ndiyo pochi, ufunguo na kitambulisho. Mtu aliyekatiwa simu ametengwa na mji akiwa amesimama katikati yake, na polisi wanaweza kumpiga shoti kupitia simu hiyo hiyo. Nilikisoma kitabu hicho mwezi Januari 2020, katika zile siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole, tulipokuwa na mpaka tarehe 20. Mashine ndogo ya msajili ilivikataa vidole vya mama kimoja baada ya kingine, kwa kuwa jembe limevifuta mistari. Msajili, kijana mpole, alimwambia akapake mafuta vidoleni, asubiri kidogo, ajaribu tena. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichosoma, na mama alikitazama njia nzima ya kurudi kama kidole cha mtu mwingine.

Wa kwetu wa Afrika Mashariki wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina jina la Kiswahili, Pumzi, na inaonyesha jamii iliyojifungia ndani baada ya vita vya maji. Mkojo na jasho husafishwa vikanywewa, ndoto hutambuliwa na mitambo na mwenye kuota huamriwa kumeza dawa, na umeme hutokana na watu wenyewe kuendesha mashine za mazoezi. Katika kazi zote nilizozitaja, hii ndiyo ninayoiona ikisema kwamba anayetawaliwa na mtambo ndiye pia anayeuzungusha kwa miguu yake.

Na Katama Mkangi, Mkenya vilevile, aliandika kwa Kiswahili riwaya ya Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, ambayo jina lake ukilitenganisha linasema wale ni sisi. Dzombo amehukumiwa kifo, na chombo cha kumwulia ni chombo cha anga: anafungiwa humo na kurushwa asirudi. Humo ndani, badala ya kungoja kufa, anatafuta namna ya kukiendesha, anakiongoza, na anafika kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa haki. Ukiziweka pamoja Sisi ya Mrusi na Walenisi ya Mkangi utaona jozi ya ajabu: D-503 anajenga chombo cha kupeleka utumwa wenye furaha katika nyota nyingine, na Dzombo anakipokonya chombo cha mauti usukani wake. Mkangi anakwenda mbio kwenye sehemu hiyo, tena naona ameharakisha mno, kwani mimi ningetaka kurasa ishirini za mtu aliyeketi gizani mbele ya vitufe asivyovijua, akibonyeza kimoja baada ya kingine.

Mkopo wa taa ya mama uliisha mwezi wa pili mwaka huu. Tarakimu za mwisho zilipoingizwa, kitaa chekundu kilizimika moja kwa moja, na jioni ile ile mama akanipigia simu, jambo ambalo halifanyi, kwani huwa anabipu. Alisema ameizima taa mwenyewe na kuiwasha mwenyewe mara tatu, mjukuu mwingine akihesabu. Nikamwuliza inakwenda mpaka saa ngapi siku hizi. "Saa mbili," akasema. "Betri imeshazeeka, mwanangu. Koroboi nimeijaza."